Risasi Laini za Baba Mkwe

Ukitaka kumcheka yule mama wa duka la bunduki, fanya haraka, maana ukichelewa kidogo utamkuta amekwisha kujicheka mwenyewe.

Alisomea ukutubi. Miaka miwili na nusu chuoni alifundishwa kupanga vitabu ili msomaji akiingia na kiu yake asitoke nayo. Alipohitimu, hakuna maktaba iliyokuwa ikitafuta mtu. Lililokuwa likitafuta mtu ni duka la silaha na vifaa vya uwindaji lililo mkabala na posta. Tajiri alihitaji mtu wa kupanga maboksi ya risasi stoo, kwa muda tu, mpaka apatikane mwenye uzoefu. Mwenye uzoefu hakupatikana. Mwaka wa kumi na tisa ukaingia na yule wa muda bado yupo, sasa ana miaka arobaini na mitatu, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani kwa uzi, na mji mzima unamwita Mtaalamu.

Jina hilo alipewa na wateja. Kosa lake ni kwamba hakulikataa.

Kwa sababu Mtaalamu hajawahi kufyatua bunduki. Si ya nyati, si ya kware, hata ile ya upepo ya kulengea makopo. Alichokuwa nacho ni vitabu. Kila orodha ya risasi iliyoletwa dukani aliisoma jalada hadi jalada, kama watu wengine wanavyosoma barua za mapenzi, mpaka akajua uzito wa kila kichwa cha risasi, wingi wa baruti nyuma yake, kasi yake ikitoka mtutuni, na nguvu itakayobaki ikifika hatua mia moja. Mteja akiingia na kusema, "Dada, nataka kitu cha nyati," humtazama juu ya miwani kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyejiandikia dawa.

"Nyati wa wapi? Wa mbugani au wa kichakani? Utampiga ukiwa umesimama, au umeegemea mti?"

Mteja anaanza kutokwa na jasho.

"Bunduki ya tatu sabini na tano haitakuangusha," humwambia. "Nne hamsini na nane inalaza upesi, lakini ina teke, kitako kitakupiga bega. Itakufunza adabu."

Teke lenyewe alilijua kama padri anavyoyajua mambo ya ndoa: kwa kusikiliza sana na kunyamaza panapostahili.

Mumewe ndiye aliyekuwa akimcheka kwa haki. "Mke wangu ni mpishi asiyeonja," alikuwa akiwaambia wageni, na wote wawili wanacheka, yeye kwa sauti zaidi. Mume alipofariki, miaka minne iliyopita, Mtaalamu aligundua kwamba kujicheka peke yako ni kazi ya kuchosha. Inabidi ushike zamu zote mbili.

Aliyebaki kutoka upande ule ni baba mkwe. Alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyeishi karibu na vitu vinavyosikia. Kila Jumanne alikuja dukani, akaketi kwenye stuli mwisho wa kaunta, wakazungumza habari za bunduki. Marehemu hawakumtaja. Mmoja wao akimkumbuka, aliuliza swali kuhusu mtutu, na mwenzake alijibu kwa upole usiolingana na mtutu wowote.

Basi siku aliyokuja Alhamisi, tena asubuhi, amevaa buti, Mtaalamu alijua kuna jambo.

"Hodi humu."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikai. Nimekuja na kibali."

Alikiweka juu ya kaunta, kina mhuri ambao wino wake haujakauka vizuri. Kulikuwa na nyati dume, peke yake, mguu umekatwa na waya wa mtego. Amejificha kwenye mabingobingo, yale majani marefu yaliyo kando ya mto, chini ya mashamba, na kwa wiki mbili amewajeruhi wakulima wawili. Ofisi ya wanyamapori ilikuwa na askari, ila waliowahi kumfuata nyati mwenye jeraha wote walikuwa wamehamishwa. Wakamkumbuka mstaafu. Bunduki wamempa, lakini risasi za stoo yao zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, hivyo wakamwambia akachukue mpya. Gari lingeondoka saa nne.

"Bunduki gani, baba?"

"Tatu sabini na tano. Ile nne hamsini na nane nimewaachia wenyewe."

Alisema hivyo akiangalia kalenda ya ukutani. Mtaalamu aliliona hilo, akalitafsiri kuwa ni hekima.

Nyuma yake kulikuwa na rafu. Risasi za namba hiyo zilipangwa makundi mawili, na kila kundi lilikuwa na kadi aliyoiandika yeye mwenyewe kwa mwandiko wa kikutubi, herufi zimesimama kama watoto wa gwaride. Kadi moja ilisema LAINI, ya pili NGUMU. Kwa watu wa duka maana yake ilikuwa wazi. Laini ni ile ambayo kichwa chake kina ncha ya madini ya risasi tupu, isiyofunikwa; ikiingia mwilini hufunguka kama ua, na kazi yake huishia karibu. Swala hufa nayo papo hapo. Ngumu imevikwa shaba kuanzia ncha mpaka kiunoni. Haifunguki, inapita mifupa na kwenda mbele kama mtu mwenye ahadi.

"Unazipenda zipi, baba?"

Mzee alizisoma kadi zote mbili, polepole, kama anayesoma majina mlangoni pa daktari.

"Hizo hapo. Laini."

"Laini?"

"Laini, mwanangu. Na kama zipo laini kuliko hizo, nipe hizo."

Swali lilimpanda Mtaalamu mpaka kwenye ulimi, likakaa hapo. Nyati mwenye jeraha, kwenye majani marefu, kwa risasi ya swala? Bega la nyati lingeivunja ile laini vipande kabla haijaufikia moyo, na nyati angeendelea na safari yake, ambayo ingekuwa ya kuja mbele. Hilo alilijua kwa ukurasa na kwa mstari.

Hakuuliza. Sababu ya kwanza ilikuwa nzuri: baba mkwe haulizwi "una hakika?" kama mtoto wa shule. Ya pili haikuwa nzuri. Aliogopa kwamba akiuliza, mzee atamjibu kwa jambo la porini, jambo lisilomo vitabuni, na utaalamu wake wa miaka kumi na tisa utabaki umesimama kauntani ukitafuta nguo. Kwa hiyo alivaa uso wa mjuzi, akateremsha boksi.

"Chaguo la mtu anayejua," alisema.

Mzee alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyetuliwa mzigo, lakini Mtaalamu alilipokea kama salamu ya mjuzi kwa mjuzi mwenzake, na akajisikia vizuri kupita kiasi.

Laiti angeishia hapo. Lakini mzee alipotoka, Tajiri aliinua kichwa.

"Mzee kachukua laini? Kwa nyati?"

"Wakongwe ndivyo wanavyofanya," Mtaalamu alijibu. "Nyati mwenye jeraha huwa amekonda. Misuli imelegea. Laini inafunguka mapema."

"Aah," alisema Tajiri, akarudi kwenye gazeti lake.

Nadharia hiyo aliitunga kwa muda wa kuvua miwani na kuivaa tena. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa imetungwa vizuri. Kwa dakika kama kumi hivi, mtunzi mwenyewe aliiamini.

Hapo ndipo Fundi alipotoka karakana ya nyuma, kikombe cha chai mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Kazi yake ni kutengeneza bunduki, na kasoro yake ni kwamba hawezi kutunza siri iliyo kubwa kuliko msumari.

"Baba mkwe wako kaondoka? Nilitaka kumuuliza kama ule mpira umemfaa."

"Mpira gani?"

"Ah. Alisema nisikwambie."

"Umeshaniambia nusu. Malizia."

"Bega, mama," alisema Fundi. "Bega la kulia limekwisha. Hata kikombe hiki kukiinua ni shughuli. Wiki iliyopita, walipoanza kumshawishi, aliniletea ile bunduki nimfungie mpira kwenye kitako, teke lisimuumize sana. Akaniuliza, hivi hakuna risasi laini, zisizo na teke? Nikamwambia mimi ni mtu wa mbao na vyuma. Risasi kamuulize mkweo, yeye ndiye mtaalamu."

Mtaalamu aligeuka, akaitazama kadi yake. Herufi zilikuwa zimesimama palepale, nzuri, zisizo na doa. LAINI.

Akaelewa. Mzee hakuchagua ncha. Alichagua bega. Aliona neno lile limeandikwa kwa mkono wa mkwe wake, akadhani hatimaye kuna mtu aliyeweka upole kwenye boksi. Na teke halina habari na ncha hata kidogo. Risasi laini na ngumu, zikilingana uzito na baruti, zinapiga bega sawasawa. Mzee alikuwa anakwenda kumkabili nyati akiwa na maumivu yaleyale na nusu ya kinga.

Alipiga simu. Haikupatikana. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi na tano.

"Nipe boksi la ngumu nimpelekee," alimwambia Tajiri.

"Risasi haitoki humu mkononi mwako. Mwenye kibali aje mwenyewe. Kanuni ni—"

"Najua kanuni. Niliziandika mimi."

Akatoka mbio.

Kutoka dukani mpaka ofisi ya wanyamapori ni mitaa mitatu. Alipita posta, akapita kwa fundi viatu, akapita mlango wa saluni ambako wanawake wawili walitoa vichwa vilivyosukwa nusu kuona nani amekufa. Miwani ilimpiga kifuani kila hatua. Kiatu cha kushoto kilikuwa na maoni tofauti na cha kulia. Mtu aliyejua kasi ya kila risasi iliyouzwa mjini alikwenda kwa kasi ambayo hakuna kitabu kingekubali kuiandika.

Gari lilikuwa bado uani, injini inaunguruma. Askari wanne walikuwa nyuma. Mkuu wa doria, mwanamke mpana wa mabega ambaye wote walimwita Dada Mkuu, alikuwa ameshika usukani. Mzee alikaa pembeni yake, bunduki katikati ya magoti.

Njiani Mtaalamu alikuwa ameandaa maneno. Alipowaona wale askari wakigeuka kumtazama, maneno yote aliyaona hayafai. Kusema "baba, bega lako" mbele ya watu waliomwita mzee huyu afande ni kumwokoa mzee asiuawe na nyati, halafu ukaimalizia kazi mwenyewe.

"Baba," alisema akihema. "Nimekosea."

"Umekosea nini, mwanangu?"

"Nimekupa risasi za swala."

Nyuma ya gari kulilipuka kicheko.

"Mtaalamu! Wewe tena?"

"Leo kitabu kimeshikwa juu chini!"

"Afande, ungemkuna nyati mgongo, akakushukuru!"

"Chekeni, kaka zangu," alisema Mtaalamu. "Mkimaliza nipeni zamu."

Mzee hakucheka. Alishuka, akiufunga mlango kwa mkono wa kushoto, akamwongoza nyuma ya gari.

"Kadi imeandikwa laini," alisema kwa sauti ya chini.

"Laini ya ncha, baba. Teke ni lilelile."

Mtaalamu aliona jambo lile likimwingia mzee, kisha likishuka na kukaa.

"Fundi amesema."

"Amesema nusu, nusu nikaitoa mimi."

"Mdomo wake na patasi yake, vyote havina ala." Alitazama buti zake. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani unajua, baba. Nani mimi nikuulize wewe?"

"Na mimi nilidhani unajua wewe. Miaka thelathini na moja kazini, mwanangu, risasi tulikuwa tunapewa. Aina moja. Tuliziita risasi za kazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nazipenda zipi. Wewe ndiye wa kwanza. Nikaona haya kusema sijui."

Mtaalamu alijikuta anataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo si zuri kwa mtu ambaye bado anahema.

"Basi, baba, na mimi nina haya yangu. Sijawahi kupiga bunduki. Hata mara moja."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu mwaka ulioolewa. Mtu aliyewahi kupigwa teke, akilisimulia, mkono unakwenda begani wenyewe. Hapa." Akaonyesha. "Wewe ukilisimulia, mkono unakwenda kwenye miwani."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Nilitaka. Mwanangu akanikataza. Alisema, baba, mwache mke wangu, anajua kila kitu isipokuwa hicho kimoja, na akikijua nitamcheka kwa lipi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne marehemu kutajwa. Walisimama pale, moshi wa gari ukiwapita miguuni, hakuna aliyeuliza habari za mtutu.

Dada Mkuu akapiga honi. "Afande! Tunakwenda au tunahamia hapa?"

Wakaenda, lakini kwanza walirudi dukani, gari zima. Askari wakabaki nje na vicheko vyao. Ndani waliingia mzee, Dada Mkuu na Mtaalamu. Boksi la laini likarudi kwenye rafu, la ngumu likashuka. Mzee alitoa risasi moja, akaipima kwenye kiganja. Ilikuwa ndefu kama kidole chake cha kati.

"Hii," aliuliza, "kwa bega kama langu?"

Tajiri aliacha gazeti. Fundi alisimama mlangoni pa karakana. Mtaalamu alifungua kinywa, na namba zikaja zenyewe, uzito, kasi, nguvu, zimejipanga foleni kama kawaida yake. Akazirudisha.

"Sijui, baba," alisema. "Kitabu kinaandika teke. Hakiandiki bega la nani."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akageuka.

"Dada Mkuu, bega lako zima?"

"Zima, afande."

"Langu si zima. Basi utapiga wewe. Mimi nitasoma nyayo na kukuonyesha pa kupiga. Utakuwa hatua moja mbele yangu."

Alisema tu hivyo, kama anayetaja hali ya hewa, na mbingu haikuanguka.

"Kwa hiyo afande anajificha nyuma ya mwanamke?" alisema Dada Mkuu.

"Nimejificha nyuma ya mke wangu miaka arobaini. Nimezoea."

Tajiri, aliyependa kuuza kikubwa, alisogea. "Kama ni mama huyu mwenye nguvu, chukueni nne hamsini na nane. Ile inamaliza kazi."

Zamani Mtaalamu angetoa hotuba. Sasa aliuliza swali moja. "Dada, wewe unapiga vizuri ipi?"

Dada Mkuu alitazama mlango, akahakikisha askari wake hawasikii. "Tatu sabini na tano naiweza. Ile nyingine, nikwambie ukweli, nafumba macho kabla sijafyatua."

"Basi tatu sabini na tano, ngumu. Bunduki usiyoiogopa ndiyo kubwa."

Maneno hayo hayakuwa ya kwake. Yalikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa karibu kila kitabu alichosoma, pale kwenye dibaji, ambapo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiruka ili awahi kufika kwenye majedwali.

Gari liliondoka saa nne na nusu. Yaliyobaki yalikuwa ya kungoja, na kungoja hakuna utaalamu. Aliteremsha ile kadi, akaandika nyingine: NCHA LAINI. TEKE LILELILE. Mwandiko haukusimama vizuri. Adhuhuri alimuuzia mtu mafuta ya kusafishia bunduki akamfungia boksi tupu. Saa nane alifuta kaunta ambayo alikuwa ameifuta saa saba.

"Na ile nadharia yako ya nyati aliyekonda?" Tajiri aliuliza.

"Imekufa kabla yake."

Kila alipofumba macho aliona majani marefu yakitikisika, na hakuwa na picha zaidi ya hapo, kwa sababu hajawahi kufika. Akajicheka kwamba hata hofu yake ilikuwa ya kuazima. Kicheko hakikutoka.

Saa kumi na robo simu iliita. Kulikuwa na wateja wawili kauntani. Aliidaka kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu."

"Baba! Vipi huko?"

"Amelala."

"Nani?"

Alipiga kelele kiasi kwamba wateja wote wawili waliruka nyuma.

"Nyati," alisema mzee. "Nani mwingine? Mimi nimekaa juu ya jiwe, natafuta sukari ya chai. Alitujia, kama nilivyosema atakuja, kutoka kushoto. Dada Mkuu alipiga mara mbili, macho wazi. Ya kwanza ilitosha. Ya pili ilikuwa ya heshima."

"Hakuna aliyeumia?"

"Askari mmoja alikimbia, akakanyaga mwiba. Yule wa kukuna mgongo."

Mtaalamu alijifuta uso kwa kitambaa cha kufutia miwani, ambacho ni kidogo mno kwa kazi hiyo.

"Sasa sikiliza, chaji inakwisha," mzee aliendelea. "Una kalamu? Nimemgeuza, nimemkagua. Ya kwanza iliingia begani, ikavunja mfupa, ikapita kifuani, ikatokea upande wa pili. Tundu la kutokea nimeingiza kidole gumba. Ile laini ingebaki pale begani, mwanangu. Ingebaki palepale. Unaandika?"

"Naandika, baba."

Aliandika nyuma ya kadi ya zamani, neno kwa neno, pamoja na kidole gumba. Mmoja wa wateja aligonga kaunta kwa ufunguo, akasema yeye anataka kujua tu, kwa nyati, achukue namba gani.

"Subiri kidogo, kaka," Mtaalamu alimwambia. "Naongea na anayejua."